Kabla hujamlipa mwenye nyumba: mazungumzo na vijana wa Mtwara wanaohamia Dar es Salaam

Wazee wangu, kina mama, na ninyi wadogo zangu mliomaliza chuo, asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kupanga nyumba Dar es Salaam. Nimefurahi kuona wazazi wamekuja, maana hela ya kodi ya kwanza mara nyingi inatoka mifukoni mwao. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mtwara, na kabla ya hapo nilikuwa mpangaji Temeke na Mbagala kwa miaka mingi. Kwa hiyo mengine nitakayosema ni sheria, na mengine ni mambo niliyoyaona nikiishi nyumba za watu.

Nianze na korosho. Kwetu huku hela haiji kila mwezi. Minada ikianza Oktoba, malipo yanaingia kupitia chama cha msingi cha ushirika, na ndani ya muda mfupi familia inalipa ada, inaezeka nyumba, inaoza, inamaliza madeni ya mwaka mzima. Tumezoea kushika hela nyingi kwa mara moja na kuitoa kwa mara moja. Ndiyo maana mwenye nyumba wa Dar akitaja miezi sita, au mwaka, mzazi wa Kusini hashtuki sana. Anaona bora alipe yote sasa, hela ikiwa bado ipo, mtoto atulie. Nawaelewa kabisa. Lakini naomba tutazame kinachofuata baada ya hapo, kwa sababu mpangaji ana nguvu moja tu mbele ya mwenye nyumba, nayo ni kodi ambayo hajailipa bado.

Aliyelipa miezi mitatu, choo kikiziba mwezi wa pili, mwenye nyumba anajua wiki chache zijazo wataonana tena kwa habari ya pesa, kwa hiyo fundi anaitwa. Aliyelipa mwaka atapiga simu mpaka achoke. Nimewapokea vijana wengi waliolipa mwaka mzima, wakakuta bati linavuja, au maji hayatoki, au jirani wa ukuta mmoja amefungua baa, na hawana pa kushika. Kuhama hawawezi, kodi yao imeshaliwa.

Mtu ataniuliza: si kuna sheria inayokataza kudai miezi mingi? Wengi wanaamini hivyo, kwa sababu mawaziri wamelisema jambo hili mara kadhaa. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba na idadi ya miezi ni makubaliano ya watu wawili. Ninyi wa Mtwara mlishayaona haya bila kwenda Dar. Enzi za gesi, kampuni zilipoingia, kodi za Shangani na Ligula zilipanda mpaka watumishi wa kawaida wakahamishwa na bei. Bomba la gesi la kwenda Dar lilipokamilika mwaka 2015 na mafundi wakaondoka, mambo yakageuka. Bei ya nyumba inapandishwa na watu wanaoitaka, na Dar sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3. Kwa hiyo msitegemee huruma, tegemeeni kujua.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme umepata chumba na sebule kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni 600,000. Dalali anataka mwezi mmoja wake, 100,000 nyingine, na hiyo hairudi hata ukihama baada ya wiki. Kabla ya hapo ameshakutoza hela ya kuonyeshwa, na ukitembezwa na madalali watatu utalipa mara tatu. Kwa hiyo kijana anayesema "nimepata chumba cha laki" anahitaji zaidi ya laki saba kabla hajanunua godoro. Wazazi, mkiambiwa bei kwa simu, ulizeni jumla ya siku ya kwanza.

Sasa kuhusu madalali wenyewe. Wapo waaminifu, na mji ule bila wao ungekuwa mgumu zaidi. Ila msitume hela ya chumba ambacho hamjakikanyaga. Hata shilingi elfu kumi ya kushikilia chumba, msitume. Utapeli unaofahamika sana ni huu: mtu anapanga chumba kwa muda mfupi, anashika funguo, anajifanya ndiye mwenye nyumba, anakionyesha kwa watu kadhaa, anapokea kodi kwa kila mmoja, kisha anazima simu. Siku ya kuhamia mnakutana mlangoni watu watano na magodoro yenu, kila mmoja ana risiti. Mwingine atasema mwenye nyumba yuko safarini, amemwachia yeye kila kitu. Inawezekana ni kweli, lakini hakikisheni.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Waulizeni wapangaji wengine wa nyumba hiyo kodi wanampa nani. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, mtaje nyumba, muulize ni ya nani. Kwa vyovyote mnatakiwa kujitambulisha pale mkihamia, basi nendeni kabla ya kulipa badala ya baada.

Na ulizeni kama nyumba ni ya urithi. Hili nalisisitiza kwa sababu limewaumiza watu wengi Temeke, Kariakoo, Ilala, mitaa yote ya zamani. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita na watoto saba. Kaka mkubwa anapokea kodi ya vyumba viwili, dada anapokea vingine, mdogo wao yuko mahakamani anataka nyumba iuzwe. Wewe umemlipa kaka mwaka mzima. Miezi minne baadaye anakuja mtu na barua kwamba yeye ndiye msimamizi wa mirathi, na hela uliyolipa haitambui. Ukisikia neno urithi, omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi, na umlipe huyo. Wakikasirika kwa kuulizwa, tafuteni nyumba nyingine.

Umeme. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hela inapotea kila mwezi bila mtu kuiona. Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inauziwa uniti moja kwa takriban shilingi 122 pamoja na kodi zake. Ikizidi hapo inahamishiwa kundi la shilingi 356 hivi. Chukulieni nyumba yenye wapangaji wanne, kila mmoja anatumia uniti 25: taa, feni, simu, televisheni. Kila mmoja angekuwa na mita yake angelipa kama shilingi 3,050. Lakini mita ni moja, jumla ni uniti 100, nyumba iko kundi la juu, na kila mmoja analipa 8,900. Hawajaongeza hata taa moja. Halafu yupo mwenye friji ya kuuzia juisi na yupo asiye na kitu, na wote wanachangia sawa, na ugomvi unaanzia hapo. Chumba chenye mita yake hata kikizidi shilingi elfu tano kwa kodi kinaweza kuwa nafuu.

Tena kwenye LUKU hiyohiyo, tangu Agosti 2021 inakatwa kodi ya jengo. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500, na inakatwa kwa anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Kodi ile ni ya mwenye jengo. Serikali ilipoanzisha utaratibu huo ilisema mpangaji na mwenye nyumba wakubaliane jinsi ya kuirudisha. Elezeni jambo hili siku ya mkataba, kwamba mtaikata kwenye kodi ya pango. Ni 18,000 kwa mwaka, na ni haki yenu.

Mkataba sasa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali pango lisilozidi mwaka mmoja liwe hata la mdomo. Kwa hiyo mtu asiwatishe kwamba huna karatasi basi huna haki. Lakini andikeni. Andikeni jina la mwenye nyumba na namba yake ya kitambulisho, tarehe, kiasi, miezi, nani analipa maji, taarifa ya kuhama itolewe muda gani kabla, na hali ya chumba ulipokikuta: kitasa kimevunjika, kioo hakipo. Piga picha siku hiyo. Ukipanga chumba ndani ya jengo, paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni wajibu wa mwenye nyumba kisheria, isipokuwa mmekubaliana vingine, na ndiyo maana lazima usome kabla ya kusaini.

Na kama mmekosana, kuweka kufuli juu ya kufuli lako au kung'oa mlango si njia ya kumtoa mpangaji. Migogoro hii inapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Baraza la Kata linasaidia kusuluhisha. Msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo upo kwa sheria ya mwaka 2017, hamtozwi.

Dada yangu pale mbele ameuliza kama ni aibu kufikia kwa ndugu. Hapana, mwanangu, fikia. Ukishuka Mbagala utakuta watu wa Newala, Tandahimba na Lindi kila kona, huwezi kukosa shangazi. Kaa kwa shangazi wiki kadhaa, saidia kazi, changia unga. Wakati huo jua kazi yako iko wapi na nauli ya kila siku ni kiasi gani, maana chumba cha bei rahisi Chamazi na kazi iko Mwenge kitakumaliza kwa daladala. Kiangalie chumba asubuhi, kiangalie usiku, na ukiweza kiangalie baada ya mvua kubwa. Maeneo ya Bonde la Msimbazi yanapendeza Agosti. Desemba 2011 maji yaliwatoa watu huko kwenye mapaa.

Mzee wangu kule nyuma anauliza: mwenye nyumba akikataa katakata chini ya miezi sita, tufanyeje? Mwombeni mgawanye, mitatu mnapoingia na mitatu kwa tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba. Wengi wanakubali wakiona tarehe na sahihi ya mzazi. Nyumba ambazo mwenyewe anaishi humohumo, za korido na uani, mara nyingi hulegeza masharti kuliko zile ambazo mwenyewe yuko mbali na anawakilishwa na dalali. Na kama hela ya korosho iko mkononi sasa, mzee, mpe kijana ya miezi mitatu, iliyobaki iwekeni benki kwa jina lenu, na tarehe ya pili ikifika apige simu aeleze kwanza nyumba ikoje.