Ziwa Bosumtwi na Chembe za Kwatzi

Mabibi na mabwana, kosa la kwanza katika somo hili la kutambua mashimo ya vimondo ni kuona ziwa la mviringo na kutangaza kwamba kimondo kilianguka hapo. Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, nalo ni mviringo, na ni kasoko ya volkano. Umbo hutupa sababu ya kwenda kutazama, basi.

Bosumtwi liko Ghana, kama kilomita 30 kusini-mashariki mwa Kumasi. Kutoka ukingo hadi ukingo ni kilomita 10.5. Katika miaka ya 1930 wapo wanajiolojia walioliita la volkano, na wapo waliobisha.

Mabishano yalianza kukatwa na suevaiti, mwamba wa vipande vilivyopondwa na kioo, uliotapakaa nje ya ukingo. Ndani yake ilipatikana koesaiti, yaani kwatzi (madini ya kawaida ya mchanga) iliyoshindiliwa kwa kani ambayo volkano haiwezi kuifikia karibu na uso wa ardhi.

Ukitaka kujihakikishia, kata jiwe, lisage libaki na unene wa milimita 0.03, kisha liweke chini ya hadubini. Kwatzi iliyopigwa na kimondo ina mistari iliyonyooka, sambamba, iliyoachana kwa maikromita chache, mara nyingi makundi mawili au zaidi yakikatana. Hapa ndipo wengi huteleza: kwatzi iliyokunjwa polepole na misukosuko ya kawaida ya ardhi pia ina mistari, ila ni minene, imepinda kidogo, na kwa kawaida ni ya kundi moja. Kwa hiyo pima pembe ya mistari dhidi ya mhimili wa fuwele. Mistari ya mshtuko wa kimondo hufuata pembe maalumu. Mwaka 2004 uchimbaji ulipita chini ya matope ya ziwa, ukafikia kilima kilichofukiwa katikati, na kwatzi ya namna hiyo ikatoka humo.

Na kimondo chenyewe? Karibu chote kiligeuka mvuke. Kutafuta iridiamu pekee, metali iliyo nyingi katika vimondo kuliko katika miamba ya kawaida, kungepotosha, maana Ashanti, eneo la ziwa hili, ni nchi ya dhahabu na miamba yake ya asili tayari ina metali za jamaa hiyo kwa wingi. Zikapimwa isotopu (aina za atomi zinazotofautiana uzito) za osmiamu, metali ya jamaa hiyo ambayo uwiano wa isotopu zake katika kimondo si sawa na katika miamba ya ardhi, ndani ya tektaiti za Kodivaa, matone ya kioo yaliyorushwa kutoka Bosumtwi, yenye umri uleule na shimo la ziwa, miaka milioni 1.07. Sehemu ya kimondo ilikuwemo, chini ya asilimia 1.