Jinsi ya kupata vitabu vya watoto na vijana kwenye katalogi ya maktaba

Hamjambo wazazi, hamjambo walimu wenzangu. Leo tuko maktaba, huku Eastlands, Nairobi. Tumeruhusiwa kurekodi mradi tusiwasumbue wanaosoma, kwa hivyo nitaongea polepole. Wewe ongeza sauti kwenye simu yako. Kamera ameshika binti yangu, ndiye nitakayemwita Mami.

Nawaandalia watoto wa mtaani kwetu vitabu vya kusoma kila Jumamosi, na kila mara kuna mzazi ananiambia, "Mwalimu, nilienda maktaba, hawana kitu cha watoto." Namwuliza, "Ulitafutaje?" Kwa sababu mara nyingi kitabu kipo. Ni katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta, ndiyo haikuulizwa vizuri.

Mfumo mnaouona hapa unaitwa Koha. Ulianzia New Zealand, ukaanza kazi mwaka 2000, na ni wa bure, ndiyo maana utaukuta kwenye maktaba nyingi, za vyuo na za umma. Kama maktaba yako inatumia mfumo mwingine, vitufe vitakaa mahali tofauti lakini kazi ni ile ile.

Haya. Fungua katalogi, andika neno kwenye kisanduku cha juu, bonyeza. Hiyo mnaijua, tusipoteze muda. Tunachotaka ni hiki kiungo cha Advanced search, halafu ukifika ndani bonyeza More options. Mami, sogea huku, mwanga wa dirisha unapiga kwenye skrini. Kidogo tena. Hapo, sasa wanaona.

Simama hapa, tafadhali. Hii orodha imeandikwa Audience, yaani kitabu kimelengwa nani. Kuna Preschool, Primary, Pre-adolescent, Adolescent, na hii Juvenile. Mtoto wako yuko Gredi ya 5, kwa hivyo macho yanakimbilia Primary, si ndiyo? Usibonyeze! Primary ya katalogi si shule ya msingi ya Kenya. Ni watoto wa miaka 6 hadi 8 tu. Wa Gredi ya 5 ana miaka 10 au 11, na huyo yuko kwenye Pre-adolescent, miaka 9 hadi 13. Kijana wa sekondari, 14 hadi 17, ni Adolescent. Juvenile ni ya jumla, kwa watoto na vijana hadi miaka 15.

Narudia, kwa sababu hapa ndipo watu wanakata tamaa na kwenda nyumbani: Primary ya hapa si primary yetu. Ukiichagua kwa mtoto wa Gredi ya 5 utaletewa vitabu vya picha vya mdogo wake.

Na hata ukichagua sawasawa, usianze na hiyo orodha. Acha niwaonyeshe kwa nini. Naandika "folklore Kenya", nachagua Juvenile, natafuta... inazunguka. Mtandao umelemewa, ni saa ya wanafunzi. Tungoje. Haya, imekuja, orodha fupi kabisa. Sasa naondoa Juvenile, natafuta tena maneno yale yale. Ona! Vimejitokeza vingine, na hiki hapa cha tatu ni cha watoto waziwazi, hata jalada lina sungura. Kwa nini hakikuja mara ya kwanza?

Kifungue, halafu bonyeza MARC view, yaani maelezo ya kitabu jinsi kompyuta inavyoyasoma. Usiogope namba. Tafuta mstari wa 008. Kwanza niwaonyeshe wa kitabu kingine ambacho kimeingizwa vizuri. Mami, kuza hapo, polepole. Mnaona herufi ke? Hiyo ni Kenya, kilikochapishwa. Kule mwishoni kuna swa, ni Kiswahili. Katikati ya hizo mbili kuna j moja, imekaa peke yake. Hiyo j ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba kitabu ni cha watoto. Sasa rudi kwa kile chenye sungura. Ke ipo, swa ipo, na pale penye j, wazi. Herufi moja tu haikujazwa, na kwa mtu anayechuja kwa Audience kitabu hiki hakipo, ingawa kiko rafuni na mhuri wa maktaba kimepigwa.

Kwa hivyo chujio la Audience ni la mwisho, orodha ikiwa ndefu mno. La mwisho. Si la kwanza.

Tunaanza na nini basi? Mada. Chagua Subject kwenye kisanduku cha kwanza, kisha andika neno lako pamoja na "juvenile fiction" kama unataka hadithi, au "juvenile literature" kama unataka kitabu cha maarifa, tuseme cha sayari au cha wadudu. Ndiyo, Kiingereza, hata unapotafuta kitabu cha Kiswahili, kwa kuwa maktaba nyingi huku huingiza mada kwa Kiingereza. Andika "lions juvenile fiction", halafu shuka kwenye lugha, chagua Swahili. Ukiandika "simba" kwenye mada unaweza usipate kitu. "Simba" iandike kwenye Title, yaani jina la kitabu.

Kuna ile nyota (*) ya kukatia neno. "Lion" ukiiwekea nyota mwishoni inaleta lion na lions. Nzuri sana kwa Kiingereza, lakini Kiswahili hubadilikia mbele: mtoto, watoto, kijana, vijana. Nyota ya mwishoni haitakusaidia. Andika mtoto kwenye mstari wa kwanza, watoto kwenye wa pili, katikati chagua or. Na vitabu vya ng'ombe, ng'ambo, ving'ora, angalieni hiyo ritifaa. Simu nyingine huweka iliyopinda, katalogi haiitambui. Jaribu nayo, jaribu bila, au chukua neno lingine kwenye jina la kitabu, ndiyo njia fupi.

Sasa tufike ninapopapenda mimi: 398.2. Iandike mahali. Hadithi za Sungura na Fisi, majitu, hekaya za kila jamii, katika mpangilio wa Dewey, zile namba za kupanga vitabu kwa mada, haziko pamoja na riwaya. Ziko 398.2, upande wa maarifa. Watoto wanaoona riwaya ni ndefu mno huanzia hapa na hawaachi, maana hadithi moja inaisha kwa kikao kimoja. Na kama ni fasihi ya Kiswahili yenyewe unataka, 896.392. Ukiandika namba kwenye Call number, yaani namba ya kitabu rafuni, utaletewa vitabu vyenye namba hiyo.

Vijana ni wagumu zaidi. Maktaba nyingi haziwatengei rafu, riwaya zao zimechanganywa na za watu wazima. Mimi hutumia Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974. Ina kipengele cha vijana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tafuta orodha ya washindi kwenye intaneti, rudi hapa, andika jina la kitabu kimoja kimoja. Unachagua kutoka kwa vilivyokwisha kusomwa na majaji, badala ya kubahatisha kwa jalada.

Umepata? Angalia kama imeandikwa Available. Kisha nakili namba nzima, pamoja na J ya mbele, alama ya rafu ya watoto, kama ipo na herufi za mwandishi za nyuma. Nzima! Ukinakili 398.2 bila J utasimama mbele ya rafu ya watu wazima, useme kitabu kimeibwa. Na kikikosekana mahali pake, mwulize mkutubi aangalie kigari cha vitabu vilivyorudishwa, huwa havijapangwa bado.

Mami, zima, twende rafuni. Ninyi mkikwama, niandikieni kwenye maoni umri wa mtoto na anachopenda, msiandike jina lake wala shule yake, nami nitawapa maneno ya kutafutia.