Bati Halina Kichwa: Pesa za Kukarabati Shule Zetu Kongwe

Mwenyekiti, walimu wakuu, wazazi, na ninyi wanabodi mliotoka Seme, Nyando na Muhoroni alfajiri mkafika hapa Kisumu kabla ya chai kupoa, hamjambo? Nimeombwa nizungumzie ukarabati wa shule kongwe za umma na pesa zitakakotoka. Mimi si mtu wa uchumi. Nimefundisha ujenzi miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa juu ya mapaa nikiwagongea watu mabati. Kwa hivyo mtaniwia radhi nikianzia huko juu.

Kuna shule moja kwenye tambarare za Kano, jina nitalimeza, niliyoitwa kuangalia darasa lililofungwa. Kuta zake za mawe zilikuwa nzima kabisa. Nikaambiwa, "Fundi, paa limechoka." Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu ya popo. Nilipoinua bati la pembeni nikaona mambo yalivyokwenda. Msumari mmoja ulikuwa umelegea, maji yakapenya kwenye tundu lake, yakafuata mbao taratibu hadi ukutani. Mbao ikaoza, mchwa wakaifuata. Kenchi tatu, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilikuwa maganda matupu, ukibonyeza kwa kidole gumba kinazama.

Nilishuka nikauliza paa lilianza kuvuja lini. Walimu wakatazamana, maana wengi walikuwa wamehamishiwa pale juzi juzi. Aliyekumbuka ni mama mpishi. Alisema watoto waliokuwa wakisogeza madawati kukwepa matone, leo wana watoto wao papo hapo shuleni.

Hebu fikirieni. Msumari mmoja na lami ya kujaza kijiko, kazi ya dakika kumi, imekuwa paa zima.

Msiseme ni uvivu wa mwalimu mkuu. Tutazame hesabu. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Shilingi 650 ziliingia akaunti ya SIMBA, ya vitabu na vifaa vya kufundishia. Zilizobaki 370 ziliingia akaunti ya matumizi ya jumla, na humo ndimo alimolipwa bawabu, maji, stima, na ukarabati nao ukangoja zamu yake. Baadaye jumla ilipandishwa hadi 1,420, lakini kanuni haikubadilika: tunahesabu vichwa.

Chukua shule ya watoto 400. Kwa kile kiwango cha mwanzo, mara 370, ni shilingi 148,000 kwa mwaka mzima. Sasa shule nyingine ifunguliwe ng'ambo ya barabara, watoto wabaki 250. Zinakuwa 92,500. Watoto wamepungua, ila bati halijapungua hata moja. Madarasa ni yale yale, madirisha ni yale yale, na bawabu hawezi kulinda nusu ya ua. Kwa hivyo shule kongwe, yenye majengo makubwa na wanafunzi wanaopungua, ndiyo inayopata kidogo zaidi kwa kila bati. Nimeyasema haya katika vikao vingi na bado sijapata wa kunipinga. Pesa zinafuata kichwa, uchakavu unafuata mwaka, na hao wawili hawajawahi kukutana.

Shule za upili zina afadhali kidogo, maana katika zile shilingi 22,244 ambazo serikali ilizipanga kwa kila mwanafunzi kwa mwaka kuna fungu la ukarabati. Lakini hilo nalo ni la kichwa.

Mtaniambia, si kuna CDF, ile hazina ya maendeleo ya maeneo bunge? Ipo, tangu 2003, na sheria ya 2015 iliipa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali kuu. Mimi siidharau. Ukizunguka kuanzia Busia mpaka Nakuru, utakuta madarasa yaliyojengwa nayo mahali ambapo watoto walikuwa wakisomea chini ya mti. Ila hazina hiyo inapenda kujenga. Darasa jipya lina rangi, lina kibao cha jina, lina siku ya kufunguliwa. Mimi sijaalikwa bado kwenye sherehe ya kufungua gata.

Kaunti nayo? Jedwali la Nne la Katiba limeipa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya msingi na ya upili ni za serikali kuu. Gavana akitaka kuezeka darasa la shule ya msingi anahitaji makubaliano rasmi na Nairobi. Mzazi naye, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, hawezi kutozwa ada yoyote ya ziada mpaka wizara iidhinishe. Ni sheria nzuri, ilimkinga mzazi maskini, lakini paa haikulitafutia mlezi mwingine.

Wala si sisi peke yetu. Uingereza, mwisho wa Agosti 2023, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, serikali iliambia shule zaidi ya 100 zifunge majengo yenye zege fulani jepesi lililojaa vishimo vya hewa, lililotumika tangu miaka ya 1950. Marekani, wilaya ya shule huenda kwa wapiga kura kuomba ruhusa ya kukopa, na mkopo hulipwa kwa kodi ya nyumba na mashamba. Mtaa wa matajiri unapata shule nzuri, mtaa wa maskini unabaki na nyufa zake. Sidhani tunautaka mfumo huo hapa.

Nije kwenye kufanya shule ziwe za kisasa, kwa kuwa najua wengine mmekuja mkiwaza kompyuta. Mimi naanza na mlango. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka mlango ufunguke kwenda nje na dirisha lisiwe na nondo. Nendeni mkahesabu nondo shuleni kwenu. Februari 2020, watoto zaidi ya kumi walipoteza maisha pale Kakamega walipokuwa wakiteremka ngazi za jengo la shule jioni, wakienda nyumbani. Tangu siku hiyo siingii jengo la ghorofa la shule bila kupima ngazi kwa hatua zangu.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Udongo mweusi wa Kano hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi mfupi hufuata. Ukiziba ufa kwa saruji na kupaka rangi, umeuficha tu. Muhula wa tatu utarudi. Mpeleke kwanza maji ya paa mbali na ukuta. Upande wa Kakamega na Kisii, kabla ya kununua hata kompyuta moja, ulizeni kinga ya radi iko wapi.

Ninachoomba wizarani ni fungu dogo la ukarabati litakalohesabiwa kwa ukubwa wa paa na umri wa jengo, lisiguswe na idadi ya watoto. Hilo litachukua muda. Ninachoomba kwenu hakihitaji Nairobi. Kila bodi iwe na daftari la majengo: jengo lipi, la mwaka gani, limeezekwa lini, nani alipanda juu mara ya mwisho na aliona nini. Mfadhili au mwanafunzi wa zamani akija na pesa za darasa jipya, mfungulieni daftari hilo kwanza. Na mkiona ndani yake kuna madarasa manne yanayovuja, mwambieni kwa heshima kwamba la tano hamlitaki. Najua ni vigumu. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye bodi iliyoshindwa kusema hivyo, na nilipiga makofi siku ya kukata utepe.

Nimechapisha nakala 30 za daftari lenyewe, ziko pale mezani karibu na birika. Ukurasa wa kwanza ni wa vyoo. Anzeni hapo, kisha mniitie ngazi.