Mshike Mikono Yote Miwili: Mhadhara Kuhusu Ugonjwa wa Takayasu

Ndugu zangu wauguzi na matabibu,

Tumfikirie binti wa miaka 25. Anachoka, ana homa za mara kwa mara, amepungua uzito. Akianika nguo, mkono wa kushoto unauma na kulegea, akiushusha, unatulia. Tutawaza kifua kikuu, na tuna haki. Lakini makohozi yakitoka safi na picha ya kifua ikawa safi, je, kuna aliyemshika mikono yote miwili?

Mwaka 1908 daktari wa macho wa Kijapani, Mikito Takayasu, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke kijana mwenye mishipa ya jicho iliyojisokota isivyo kawaida. Wawili kati yao wakasema wamewahi kuona wagonjwa wa namna hiyo, na mapigo ya mkononi hayakupatikana. Huo ndio ugonjwa wa Takayasu: kinga ya mwili huwa imeigeukia aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, na matawi yake; ukuta wa mshipa huvimba, hunenepa, njia ya damu hubana. Wengi wanaougua ni wanawake walio chini ya miaka 40.

Kwa hiyo weka vidole kwenye vifundo vyote viwili vya mikono kwa pamoja. Pima presha kulia, kisha kushoto; namba ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 10, fuatilia. Weka stetoskopu shingoni na juu ya mtulinga usikilize mvumo wa damu ikipita palipobana. Na ikiwa mishipa ya mikono yote imebana, mashine itakudanganya kwamba presha iko chini wakati figo na moyo vinaumia. Mpime mguuni.

ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, husaidia, ila vikiwa vya kawaida msimwondoe mgonjwa kwenye orodha. Picha ya mishipa kwa CT au MRI ndiyo huonyesha palipobana.

Tiba huanza kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku, ikipunguzwa polepole kwa miezi. Asiiache ghafla! Wengi ugonjwa huwarudia dozi ikishuka, ndiyo maana huongezewa methotreksati au azathioprini, dawa za kutuliza kinga ya mwili. Methotreksati ni mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, maana kuinywa kila siku kunaua. Na mjamzito hapewi kabisa. Upasuaji wa mshipa, inapowezekana, husubiri uvimbe utulie.

Akirudi kwenu kliniki, andikeni kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa, presha ipimwe mkono gani.