Jinsi ya kumuuliza mwanafunzi kabla hajatoka kwenye kozi ya Storyline

Habari mtazamaji, karibu. Leo tunaweka ujumbe wa kumuuliza mwanafunzi kabla kozi haijafungwa. Natumia Storyline 360, programu ya kutengeneza kozi za mtandaoni, na kozi unayoiona hapa inawafundisha wahudumu wa afya ya jamii kupima malaria. Wengi wao husomea kwenye simu. Kidole kikigusa kitufe cha kutoka kwa bahati mbaya, somo linakatika.

Fungua Story View, yaani mwonekano wa kozi nzima, bofya New Scene kuanzisha sehemu mpya, weka humo slaidi moja tupu. Tunaitenga na masomo ili mtu asikutane nayo anapobofya Next.

Sasa maneno, na hapa naomba usiharakishe. Kozi nyingi huuliza "Una uhakika?" basi. Mwanafunzi anachotaka kujua ni kama kazi yake itapotea. Mwambie: "Unataka kutoka? Ulipofikia pamehifadhiwa. Ukirudi, utaendelea kuanzia hapo." Halafu hakikisha ni kweli: ingia Player, yaani mipangilio ya fremu inayozunguka kozi, kisha Other, na kwenye Resume chagua Prompt to resume, ili akirudi aulizwe kama anataka kuendelea. Kama kozi ina jaribio, ongeza kwamba alama hazitumwi mpaka amalize jaribio lote. Akitoka katikati bila kujua hilo, atadhani mfumo umemwibia.

Weka vitufe viwili, vikubwa na vyenye nafasi kati yake. Usiandike Ndiyo na Hapana. Andika "Endelea kusoma" na "Toka", ili hata asiyesoma ujumbe wote ajue anabofya nini. Triga, yaani amri ya kitufe kikibofywa, ya cha kwanza ni Close lightbox (kufunga slaidi iliyofunguka juu ya somo), ya cha pili ni Exit course (kutoka kwenye kozi).

Rudi Player, sehemu ya Features, ongeza kichupo kipya. Kiite Toka, kipe kitendo cha Lightbox slide, kinachofungua slaidi juu ya somo, chagua ile slaidi yetu, kisha kipange upande wa kulia juu.

Ukijaribu kwenye Preview, yaani kuitazama kozi ndani ya Storyline kabla ya kuichapisha, kitufe cha Toka hakitafunga kitu. Usihangaike kukirekebisha. Chapisha kozi kwa ajili ya LMS, yaani mfumo wa kuendesha masomo mtandaoni, ipakie kwenye mfumo wa aina hiyo uitwao Moodle kama kifurushi cha SCORM (muundo wa kozi ambao mifumo hiyo inausoma), na kwenye mipangilio ya mwonekano chagua ifunguke katika dirisha jipya. Hili ni muhimu sana, kwa sababu vivinjari haviruhusu kozi kufunga dirisha ambalo halikufunguliwa na programu. Jaribu ukiwa umeingia kama mwanafunzi: toka katikati, rudi, uone kama unaulizwa kuendelea.

Ujumbe wetu hauwezi kumzuia anayefunga kivinjari chenyewe kwa alama ya X. Vivinjari vina onyo lao la kuzuia hilo, lakini maneno yake huwezi kuyabadilisha. Chrome iliondoa ruhusa hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo, kwenye slaidi ya kwanza kabisa andika kwa herufi zinazoonekana: "Ukitaka kupumzika, bofya Toka."