Kuba ya Mycenae kwa maboksi: pete 33 bila tone la gundi

Karibuni. Leo tunajenga kaburi la mviringo (kwa Kigiriki, tholos) la Mycenae, Ugiriki, lile linaloitwa Hazina ya Atreus, mfalme wa hadithi za kale. Jina lisikuchanganye, hapakuwa hazina. Ni kaburi la wakubwa, lililojengwa kati ya mwaka 1350 na 1250 KK hivi, na kwa zaidi ya miaka elfu moja hakuna kuba iliyoipita kwa upana.

Tafuta maboksi ya kawaida ya dukani, yenye unene wa milimita 4. Andaa pia kisu cha kukatia karatasi, rula, bikari, pini, uzi, penseli, sinia kubwa na ndoo ya udongo mkavu.

Kwa nini milimita 4? Kaburi lenyewe lina kozi 33 za mawe, yaani safu zilizopangwa moja juu ya nyingine, upana wa mita 14.5 na kimo cha mita 13 na kitu. Tukichukua sentimita moja kwa kila mita, kozi 33 za milimita 4 zinatupa sentimita 13.2. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, sikuamini kwamba boksi la sabuni limeangukia kwenye kipimo chenyewe.

Hatua ya kwanza ni mchoro, na hapa usiwe na haraka. Piga mstari wa sakafu kwenye karatasi kubwa, weka alama ya ukuta mwanzoni. Pima sentimita 7.25 kutoka ukutani, hapo simamisha mstari wima wa sentimita 13.2. Huo ndio mstari wa katikati. Rudi ukutani, pima sentimita 15.6 kufuata sakafu, chomeka pini. Funga uzi wa urefu huohuo, kisha uzungushe penseli kuanzia ukutani, ipande mpaka ikutane na ncha ya mstari wima. Ukuta wetu umepata mkunjo wake: kama yai lililosimama, ncha juu.

Sasa piga mistari ya kulala kila baada ya milimita 4. Kwenye kila mstari, pima kutoka katikati hadi kwenye mkunjo. Hicho ndicho kipimo cha kufungulia bikari kwa tundu la kila pete.

Hatua ya pili, kata pete. Kila moja iwe na upana wa sentimita 2.5 toka tundu hadi ukingo wa nje, na uziandike namba. Tundu za pete kumi za chini karibu zinalingana. Bikari inafungwa nusu sentimita tu kwa zote kumi. Za juu kabisa ndizo zinazokimbilia ndani, kila moja kwa zaidi ya nusu sentimita. Ya 33 haina tundu, ni kifuniko.

Mlango. Pete ya 1 hadi ya 13, kata pengo la sentimita 2.7. Pete ya 14 hadi ya 16, kata pengo la sentimita 8, ukalaze hapo kipande cha ubao. Hiyo ndiyo linta, boriti ya juu ya mlango. Kule Mycenae linta ya ndani ni jiwe moja la karibu tani 120, malori mawili makubwa pamoja na shehena zake. Na jiwe hilo halikubebeshwa kuba! Kuanzia pete ya 17 acha pengo la sentimita 3, ulipunguze kila pete mpaka lijifunge kwenye ya 25. Inabaki pembetatu tupu, na uzito unateremka pembeni badala ya kumkalia linta mgongoni. Mafundi wale waliiziba kwa mawe membamba ya mapambo.

Panga pete zako hadi ya 25. Simama hapo. Chukua ya 26, ikate vipande 8 kama keki, uvipange mahali pake vikigusana. Weka vidole nje, sukuma kuelekea katikati. Umeona? Haviendi. Kila kipande kinataka kuingia, jirani zake wanamzuia, naye anawazuia wao. Toa kimoja, sukuma tena: vinateleza, kimoja kinadondoka ndani. Hapa ndipo ninapowapendea mafundi hawa. Hakuna saruji, wala mbao za kushikilia kuba wakati wa kujenga. Kila kozi ikifunga duara lake, inajisimamia.

Majengo ya mviringo ya baadaye nayo huitwa tholos, mfano lile la Delphi, hukohuko Ugiriki, la karibu mwaka 380 KK lenye nguzo 20 nje. Lakini lile liliezekwa kwa paa la mbao. Usilitafutie kuba ya mawe.

Rudisha vipande, malizia hadi kifuniko. Mbele ya mlango simamisha kuta mbili za boksi, njia ya sentimita 36 kwa 6. Kisha mwaga udongo taratibu, pande zote kwa pamoja, ujae kwenye ngazi za nje mpaka kuba ipotee. Udongo unakandamiza ncha za nje za mawe yasipinduke kuingia ndani, na unayabana yazidi kushikana. Kwa nje utabaki na kilima tu.

Washa tochi ya simu, ilaze kwenye njia ikielekea mlangoni, uchungulie kupitia pale pembetatu. Hesabu pete zikipanda gizani.