Bildi Inapoganda kwenye -flto

Wenzangu, leo tubaki na chaguo moja tu la kompaila ya GCC: -flto, yaani kuboresha msimbo wakati wa kuunganisha. Mtu analiongeza kwenye CFLAGS (orodha ya chaguo anazopewa kompaila) ili programu itoke nyepesi na yenye kasi. Faili zinakompailiwa vizuri, lakini bildi (ujenzi wa programu) ikifika kwenye kuunganisha faili hizo kuwa programu moja, skrini kimya. Anabonyeza Ctrl-C, anaanza upya, inakwama palepale.

Chaguo hili, lililoingia na GCC 4.5 mwaka 2010, huahirisha kazi. Faili la .o hubeba msimbo wa ndani wa kompaila, na uboreshaji mzito husubiri kuunganisha. Kwanza inakuja WPA, hatua ya kuchambua programu nzima: inasoma programu nzima, inaigawa vipande, kwa kawaida visivyozidi 128, na hesabu yake inategemea kiini kimoja cha prosesa hata kama mashine ina 32. Kisha LTRANS, hatua ya pili, inakompaili kipande kimoja kimoja. Ukiandika -flto bila namba, GCC 10 na za baadaye huenda zikakuonya, kwa mfano: "using serial compilation of 128 LTRANS jobs". Maana yake vipande vyote vinapanga foleni. Onyo hilo hupitwa bila kusomwa, na hapo ndipo lawama zinapoanza.

Kwa hiyo usiue kitu kabla ya kutazama. Fungua terminali nyingine, andika ps aux | grep lto1 (lto1 ni programu ya GCC inayofanya hatua hizo mbili). Ukiona -fwpa na prosesa iko 100%, subiri; kazi inaendelea. Ukiona -fltrans nyingi zenye hali D (zinasubiri diski), andika vmstat 1 uangalie safu za si na so, yaani data inayoingia na kutoka kwenye swapu. Zikijaa namba mfululizo, RAM imekwisha na mashine inahangaika na swapu, sehemu ya diski inayotumika badala ya RAM. Hilo ndilo kuganda kwa kweli.

Chanzo chake ni hesabu rahisi: make -j16 (make ni chombo kinachoendesha bildi, hapa kazi 16 kwa pamoja) ikiunganisha programu 4 kwa pamoja, kila moja na -flto=16, umezaa michakato 64. Weka -flto=jobserver (jobserver ni mfumo wa make wa kugawa nafasi za kazi), na utangulize alama ya + mbele ya amri ya kuunganisha ndani ya Makefile, ili michakato yote igawane nafasi zilezile 16. Angalizo: make 4.4 ilibadili njia ya kugawa nafasi hizo, na GCC kabla ya 13 haiielewi; ongeza --jobserver-style=pipe kwenye amri ya make. Mnaojenga kwa CMake na Ninja badala ya make, tengenezeni kundi la kazi lenye nafasi moja kwa CMAKE_JOB_POOLS, kisha mlitaje kwenye CMAKE_JOB_POOL_LINK.

Kagua na /tmp. Vipande vya muda huandikwa humo, na kama /tmp ni tmpfs (hifadhi ya faili inayokaa ndani ya RAM), vinakula RAM ileile unayoihitaji. Weka TMPDIR=/var/tmp.

Na ukiamua kuachana na -flto, kuweka -fno-lto kwenye kuunganisha peke yake hakutoshi. Tangu GCC 4.9, faili za .o za -flto kwa kawaida hazina msimbo wa mashine ndani yake. Futa zote, ukompaili upya.